Ugomvi wa Wazazi ni Mzigo wa Watoto

Ni saa mbili za usiku. Chakula kimekwisha kuliwa, vyombo vimeoshwa, na watoto watatu wamelala katika chumba kimoja kilichotengwa na sebule kwa ukuta mwembamba tu. Mlango wa nje unafunguliwa. Mtoto mkubwa hajalala. Anasikiliza namna baba anavyoweka funguo mezani, kwani kwa mlio ule huweza kujua usiku huo utakuwa wa namna gani. Zikiwekwa polepole, atajigeuza na kulala. Zikitupwa, ataanza kuhesabu: ni dakika ngapi zitapita kabla mama hajajibu, na ni maneno mangapi yatasemwa kabla mdogo wake hajaamka na kuanza kulia.

Asubuhi wazazi wataamka, wataoga, na kila mmoja atashika njia yake akiamini kwamba yaliyopita usiku ni yao wawili peke yao. Jirani akiuliza, watamjibu kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Methali hiyo ni ya kweli, wala sisi hatuandiki makala haya ili kuikanusha. Hapana nyumba ya mke na mume isiyokuwa na siku ya maneno. Tunalotaka kulizungumza leo ni lile ambalo methali hiyo hailitaji, yaani hali ya yule mtoto aliyekuwa macho nyuma ya ukuta.

MTOTO HUSIKIA

Watu wengi huamini kwamba mtoto mdogo haelewi. Husema: "Huyu bado mchanga, tena amelala, atajua nini?" Imani hiyo yafaa iachwe. Katika mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oregon, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi waliowafanyia watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 12. Watoto hao walipimwa kazi ya ubongo wakiwa usingizini, huku wakisikilizishwa sauti ya mwanamume akitamka maneno yasiyo na maana yo yote, mara kwa furaha, mara kwa sauti ya kawaida, na mara kwa hasira. Ilionekana kwamba wale waliotoka katika nyumba zenye ugomvi mwingi, ubongo wao ulishtuka zaidi kwa sauti ya hasira kali, hasa katika sehemu zinazohusika na wasiwasi na hisia. Walikuwa wamelala, na maneno yenyewe hayakuwa na maana, lakini mwili ulikuwa umekwisha kujifunza kuiogopa sauti ile.

Huko huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Auburn, mtaalamu Mona El-Sheikh na wenzake walichunguza usingizi wa watoto wa shule ya msingi kwa kuwavalisha mkononi kifaa kidogo mfano wa saa. Matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto ambao wazazi wao hugombana sana hulala muda mfupi zaidi, tena usingizi wao ni wa kukatikakatika. Mwalimu aonapo mtoto anasinzia darasani saa nne asubuhi, aghalabu humwita mvivu. Pengine mtoto huyo si mvivu hata kidogo. Pengine alikesha akilinda nyumba.

Tunatumia neno "akilinda" kwa makusudi, maana hivyo ndivyo mtoto aonavyo. Mtu mzima akisikia majirani wanagombana huweza kufunga dirisha. Mtoto hana dirisha la kufunga. Wale wawili wanaogombana ndio ukuta wake, ndio paa lake, ndio chakula chake na ndio jina lake. Wakitishana kuachana, yeye husikia kwamba dunia nzima inakaribia kuanguka, na kwa kuwa ni mtoto, hujiuliza afanye nini ili isianguke.

ALAMA ZA MZIGO

Si kila mtoto huubeba mzigo huu kwa namna moja. Mtoto mdogo, ambaye bado anajiona kuwa ndiye kiini cha kila kitu, hujilaumu mwenyewe. Akisikia jina lake limetajwa katika ugomvi, au akisikia neno karo, huamini kwamba lau asingezaliwa, au lau asingepoteza kalamu na daftari, wazazi wangekuwa wanapatana. Huenda akaanza tena kukojoa kitandani baada ya kwisha kuacha, au akamng'ang'ania mama asiende sokoni.

Mtoto wa shule huweza kuugua tumbo au kichwa kila asubuhi, na kwenye zahanati wasione ugonjwa. Huweza kushuka katika masomo, kwani akili iliyobaki nyumbani haiwezi kuhesabu sehemu na asilimia. Wengine hugeuka kuwa wagomvi uwanjani. Wamejifunza kwamba neno lisilotosha huongezewa kofi. Wengine huwa wema kupita kiasi: huosha vyombo kabla ya kutumwa, hawaombi kitu, hawalii, hawasumbui. Hao wa mwisho ndio tunaowasahau upesi, kwa sababu wema wao hutupendeza. Lakini wema unaotokana na hofu si tabia njema. Ni mtoto anayejaribu kupungua ili asionekane.

Vijana nao huikimbia nyumba. Mvulana hupata jamaa zake mtaani na harudi ila kulala. Msichana hukubali upesi ahadi ya mtu ye yote atakayemwambia maneno laini, hata kama ahadi hiyo itamwachisha shule. Kisha wazazi wale wale hukaa pamoja kwa mara ya kwanza katika muda mrefu ili kuulizana: "Mtoto huyu ameharibiwa na nani?"

Athari zenyewe huweza kuendelea hata ukubwani. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani walitoa taarifa juu ya watu wazima zaidi ya 9,500 waliohojiwa katika mji wa San Diego kuhusu utoto wao, pamoja na swali kama mama yao alikuwa akipigwa nyumbani. Kadiri mtu alivyopitia mengi ya namna hiyo utotoni, ndivyo alivyoelekea zaidi kuwa mlevi, kujaribu kujiua, hata kupata maradhi ya moyo. Hatusemi kwamba mambo haya ni kama hukumu isiyo na rufaa. Wapo wengi waliokulia katika kelele na wakajenga nyumba tulivu. Lakini wengi wa hao watakuambia kwamba palikuwa na mtu aliyewashika mkono: nyanya, shangazi, mwalimu, au jirani ambaye mlango wake haukufungwa.

JE, WAKAE AU WAACHANE?

Hapa ndipo wazazi wengi husema: "Sisi tunavumiliana kwa ajili ya watoto." Wengine husema kinyume chake: "Tumeachana, sasa watoto wamepumzika." Kauli zote mbili zahitaji kupimwa.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba linalomdhuru mtoto hasa ni kutengana na mzazi. Daktari John Bowlby wa Uingereza aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa mashuhuri juu ya jambo hilo mwaka 1951, akisisitiza madhara ya mtoto kukosa malezi ya mama. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1971, Mwingereza mwingine, Daktari Michael Rutter, alilitazama jambo hilo upya. Aliona kwamba watoto waliotenganishwa na mzazi kwa kifo hawakuelekea sana kwenye tabia mbaya kama wale ambao wazazi wao walitengana kwa ugomvi. Tena aliona kwamba watoto waliokuwa wakiishi na wazazi wote wawili, bila kutengana, lakini katika nyumba isiyo na maelewano, nao walikuwa hatarini. Kwa maneno mengine, shina la ubaya aliliona katika mfarakano wenyewe kuliko katika kule kuondoka kwa mzazi.

Basi mzazi anayevumilia kwa ajili ya watoto, lakini kila jioni akawafanya watoto washuhudie vita, hajawavumilia watoto; amewafungia ndani ya vita hivyo. Na mzazi aliyeachana na mwenzake, kisha akaendelea kumtukana mbele ya watoto, akamzuia asiwaone, au akamkatia fedha za chakula ili kumkomoa, naye hajamaliza lo lote. Amehamisha ugomvi kutoka chumba kimoja hadi nyumba mbili, na mtoto ndiye anayeubeba kwenda na kurudi.

MTOTO SI MJUMBE

Katika ugomvi wa nyumbani mtoto hupewa kazi ambazo hakuzaliwa nazo. Kazi ya kwanza ni ujumbe. Wazazi wamenuniana, hawasemezani, lakini wanakaa meza moja. "Mwambie baba yako chumvi imekwisha." "Mwambie mama yako fedha aliyopewa juzi imekwenda wapi." Mtoto hupeleka maneno na kurudisha maneno, na kila neno analolipeleka humchoma yeye kwanza. Mwenye akili huanza kulipunguza makali njiani. Hujifunza kusema uongo ili kulinda amani. Miaka michache baadaye tutamwadhibu kwa uongo huo huo.

Kazi ya pili ni uhakimu. "Wewe mwenyewe uliona, sema nani mwenye kosa!" Ni swali gani baya kuliko hilo kwa mtoto? Akimpa haki mama, amemsaliti baba. Akimpa haki baba, amemsaliti mama. Akinyamaza, huambiwa ana kiburi. Kazi ya tatu ni upelelezi, hasa kwa waliokwisha kuachana: mtoto akirudi kutoka kwa baba huulizwa ni nani aliyekuwa akipika, na akirudi kutoka kwa mama huulizwa ni nani aliyekuja kumtembelea. Kazi ya nne, iliyo mbaya kupita zote, ni ungao. Mtoto hujitia kati ili kofi lisimfikie mama, naye hupata lake. Wapo watoto walioumia vibaya kwa namna hiyo, na hakuna aliyekusudia kuwaumiza.

UGOMVI HUTOKA WAPI

Tukiuliza chanzo, mara nyingi tutakuta si chuki. Ni fedha za kahawa zilizouzwa na mtu mmoja ilhali walivuna wote, ni muhula wa shule unaofunguliwa wakati mfuko mtupu, ni pombe, ni nyumba ya pili iliyofichwa, ni mkwe anayetawala kwa mbali, ni mume aliyepoteza kazi na kuona haya kusema. Mambo hayo ni mazito, wala hayatatuliwi kwa kuambiwa tu "pendaneni". Lakini yatazameni tena: hapana hata moja kati ya hayo ambalo mtoto alilileta, wala hapana hata moja ambalo yeye anaweza kuliondoa.

UGOMVI ULIOMALIZIKA

Je, basi wazazi wasibishane kamwe? La, hatusemi hivyo, kwani hilo haliwezekani. Mtaalamu E. Mark Cummings wa Marekani, ambaye alianza kuchunguza jambo hili katika miaka ya 1980, aliwaonyesha watoto watu wazima wakigombana, kisha akatazama namna watoto walivyoitikia. Walipoachwa na ugomvi usiokwisha, watoto walihangaika na kukasirika. Ugomvi ulipomalizika kwa watu wale kusikilizana na kupatana, mahangaiko ya watoto yalipungua sana. Tena ilionekana kwamba hata pale mapatano yalipofanyika faraghani, mtoto alitulia akielezwa baadaye kwamba mambo yamekwisha. Kinyume chake, kununiana kimya kimya hakukumdanganya mtoto. Aliusoma uso na akajua.

Ndugu wazazi, hili ndilo jambo ambalo tungependa lisisahauliwe hata kama mengine yote yatasahauliwa. Desturi yetu ni kugombana mbele ya watoto kisha kupatana chumbani, mlango umefungwa. Mtoto husikia nusu ya kwanza ya habari, na nusu ya pili hafikishiwi. Kwake yeye ugomvi wa mwaka jana bado unaendelea, kwa sababu hapana aliyemwambia kwamba ulikwisha. Aliyesikia ugomvi ana haki ya kusikia suluhu.

Nayo si kazi kubwa. Asubuhi baba anaweza kuwaita watoto na kusema: "Jana mimi na mama yenu tulikasirikiana juu ya fedha. Nilipaza sauti, nimekosa. Tumezungumza. Ninyi hamna kosa lo lote." Maneno hayo hayatampunguzia mtu ubaba wake. Wapo wanaume wanaodhani kwamba kukiri kosa mbele ya mtoto ni kushuka. Sisi twaona kwamba mtoto asiyepata kumwona baba yake akiomba radhi atajifunza kuomba radhi kutoka kwa nani?

WAZEE NA SHERIA

Wazee wetu hawakuuacha ugomvi wa ndoa uozee ndani. Katika Buganda, mathalani, ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba, alikuwa na kazi maalumu ya kumfunda binti mambo ya ndoa. Kwa makabila mengi ya Afrika Mashariki mke aliyeteswa alirudi kwao, na mume hakumpata ila kwa kwenda mwenyewe, kukaa mbele ya wakwe, kueleza na kuelezwa. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake: mara nyingi mwanamke aliambiwa avumilie asiyopaswa kuvumilia, na watoto hawakuulizwa neno. Lakini ulikuwa na jambo moja jema, nalo ni kwamba ugomvi ulikuwa na mahali pa kupelekwa. Leo katika vyumba vya kupanga vya Kampala, Jinja au Mbale, shangazi yuko mbali, wakwe wako mbali, na aliye karibu ni mtoto peke yake.

Ndiyo maana sheria imeweka mahali pengine. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba kuwatunza na kuwalea watoto ni haki na pia ni wajibu wa wazazi. Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya ukatili wa nyumbani haihesabu kipigo peke yake kuwa ukatili. Inahesabu pia kuumizana kwa maneno na vitisho, na kunyimana mali na fedha za matumizi. Mashtaka huweza kufikishwa mbele ya mahakama ya halmashauri ya kijiji, ambayo ina uwezo wa kuonya, kuagiza fidia na kupatanisha. Na hakimu huweza kutoa amri ya ulinzi. Katika halmashauri ya kijiji yupo pia kiongozi mwenye dhamana ya ustawi wa watoto, na wilayani yupo afisa wa ustawi wa jamii.

Majirani zetu nao wana yao. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliwataka wanandoa wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali maalumu, na ikaagiza kwamba masilahi ya mtoto ndiyo yatangulizwe katika kuamua atakaa na nani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa baba na mama jukumu lililo sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye daima, ila kama kuonana huko kutamdhuru.

Hapa tuongeze onyo. Penye kipigo, neno "vumilia" lisitamkwe. Suluhu ni ya watu wawili walio salama. Mtu anayetishwa hawezi kusuluhishwa, hana budi kwanza kulindwa, yeye pamoja na watoto wake. Jirani asikiaye mayowe asifunge dirisha. Nambari ya simu 116 imewekwa kwa ajili ya watoto katika Uganda, Kenya na Tanzania, nayo haitozwi malipo. Yafaa kila mtoto wa shule aijue kama ajuavyo jina lake.

LA KUFANYA

Kwa wale ambao hawajafika huko, tungeshauri mambo machache. Kwanza, fedha na mambo ya wakwe yazungumzwe kwa wakati uliopangwa, si wakati wa chakula wala usiku wa manane. Pili, neno talaka lisitumiwe kama fimbo ya kutishia. Tatu, mtoto asitumwe, asihojiwe na asiitwe shahidi. Nne, mzazi asimtukane mwenzake kwa kupitia mtoto. Kumwambia mtoto "umerithi upumbavu wa baba yako" ni kuitukana nusu ya mwili wake. Tano, waliokwisha kuachana wapatane siku za mtoto kumwona kila mzazi, nao wazitimize; mtoto aliyekaa kibarazani na mfuko wake tangu asubuhi, akamngoja mzazi asiyekuja, hasahau.

Walimu nao waulize kabla ya kuadhibu. Mtoto aliyebadilika ghafula aitwe kando, aulizwe kwa upole, wala asilazimishwe kusema.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini nyasi hazina uchungu wa pekee alio nao mtoto, kwa maana nyasi hazikuwapenda tembo wote wawili. Usiku wa leo, katika nyumba nyingi, funguo zitawekwa mezani. Tunawaomba akina baba na akina mama wakumbuke kwamba nyuma ya ukuta yuko mtu anayesikiliza, na kama maneno yatakuwa yamekwisha kusemwa, basi kesho asubuhi aambiwe kwamba yamekwisha.